Dawa iliua kirusi maabara, mbona ikashindwa wodini?

SWALI

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja wilayani Rungwe. Wakati wa UVIKO-19 kila baada ya siku chache tulisikia dawa fulani "imeua kirusi maabara": mara klorokwini, mara ivermectin ambayo huku kwetu tunaimeza kwa ajili ya usubi, mara majani fulani. Nyingi hatukuzisikia tena. Wanafunzi wa kidato cha nne wananibana: wanasayansi wanachaguaje dawa kati ya maelfu kwa wiki chache? Kwa nini zinazofaulu maabara hufeli hospitalini? Chanjo nazo huchujwa hivyo hivyo? Na mjomba wangu ana mti anaoutumia kutibu mafua makali. Je, unaweza kupimwa?

JIBU

Mwalimu, ndaga fijo kwa swali, na wasalimie kidato cha nne. Umeuliza mambo manne kwa pumzi moja, nami nitayajibu kwa kuyachanganya kwa sababu shina lake ni moja. Chekeche, yaani upimaji wa kuchuja vingi ili kupata vichache, hujibu swali uliloliuliza, basi. Haliongezi neno.

Nianze na maharage, maana wanafunzi wako wanayajua. Pale TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo Mbeya, mtafiti wa mbegu hupanda mistari mingi ya maharage, kila mstari na namba yake, kisha anaacha ugonjwa wa kutu uingie shambani. Mingi inakauka. Michache inabaki kijani, na hiyo ndiyo anayoendelea nayo msimu unaofuata. Sasa angalia alichouliza: ni upi unaostahimili kutu, hapa Uyole, kwenye baridi hii. Hakuuliza upi unaiva upesi jikoni, wala upi utavumilia joto la Kyela. Mstari uliobaki kijani Uyole unaweza kuteremshwa Kyela ukafa kabla ya kuchanua, na hapo hakuna aliyedanganya.

Kutafuta dawa ya kirusi ni kazi hiyo hiyo, ila shamba lenyewe ni sahani ya plastiki inayoenea kiganjani. Ya kawaida ina vishimo 96. Za kazi kubwa zina vishimo 384, hata 1,536, na ukubwa wa sahani ni uleule. Seli hai humiminwa katika kila kishimo na kuachwa usiku kucha zijishike chini, kwenye joto la nyuzi 37. Kesho yake kila kishimo kinapewa dawa yake, tone dogo kuliko la umande, kisha kirusi kinaingizwa. Sahani inarudishwa kwenye joto siku mbili au tatu. Korona inapozaliana ndani ya seli huziharibu, nazo hung'oka. Ukiosha, kisha ukamimina rangi ya zambarau inayoshika seli zilizobaki, unasoma jibu kwa macho: kishimo cheupe, seli zimekwisha, kishimo cha zambarau, kuna kitu kimezilinda. Ukiiinua sahani kwenye mwanga wa dirisha unaona weupe mtupu, na hapa na pale duara moja la zambarau. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado moyo hunidunda ninapoliona duara hilo.

Kabla ya kushangilia, unawaita mashahidi. Kila sahani ina vishimo vyenye kirusi bila dawa, ambavyo lazima viwe vyeupe, na vishimo visivyo na kirusi, ambavyo lazima viwe zambarau. Wakigeuka hao, sahani nzima inatupwa. Kuna shahidi wa tatu, ambaye magazeti humsahau: dawa peke yake juu ya seli, bila kirusi. Dawa inayoua seli humaliza na kirusi pia, kwa sababu kirusi hakina pa kuzaliana. Ukihesabu virusi tu utaona vimepungua na utaandika kwamba dawa imefaulu. Jiki inamaliza korona kwa dakika chache. Kwa hiyo tunapima viwango viwili, kile kinachopunguza kirusi kwa nusu na kile kinachoua nusu ya seli. Kama viwili hivyo vinakaribiana, hatuna dawa, tuna sumu.

Nikiwa bado najifunza nilipata dawa tisa zilizofaulu kwa siku moja. Nilizirudia jina moja moja daftarini, nikampelekea aliyekuwa akinisimamia. Hakutazama majina. Aliuliza vishimo vyake vilikuwa wapi kwenye sahani. Vyote tisa vilikuwa ukingoni. Vishimo vya ukingoni hukauka upesi kuliko vya katikati, chumvi inazidi, seli na kirusi vyote vinabadilika tabia. Niliporudia nikiwa nimezihamishia katikati, zote tisa zilikuwa nyeupe. Tangu siku hiyo vishimo vya pembeni naviwekea maji matupu.

Kasi iliyowashangaza wanafunzi wako inatoka mahali pawili. Kwanza ni roboti zinazodondosha dawa kwenye mamia ya vishimo kwa mpigo. Pili, na hili ndilo kubwa, mwaka 2020 watu hawakuanza na kemikali mpya. Walianza na dawa za zamani ambazo usalama wake kwa binadamu ulikwisha kujulikana. Watafiti wa California na wenzao wa Hong Kong walichukua mkusanyo wa dawa kama 12,000 uitwao ReFRAME na kuupitisha kwenye sahani. Kama 100 zilipunguza kirusi. Walipouliza tena ni zipi ambazo ukiongeza kiasi na nguvu yake inaongezeka kwa mpangilio, zikabaki 21. Hizo 21 zilikuwa tu na ruhusa ya kwenda kwenye chekeche linalofuata. Redio na simu zetu zilitangaza namba ya kwanza na kuishia hapo.

Sasa klorokwini. Nitakaa hapa kidogo, maana ukiielewa hii umeelewa swali lako zima.

Tarehe 4 Februari 2020 watafiti wa Wuhan walichapisha kwamba remdesivir na klorokwini zinazuia kirusi kipya kwenye seli, klorokwini kwa kiasi kidogo cha mikromola 1 hivi (mikromola ni kipimo cha wingi wa dawa ndani ya lita moja). Sisi tuliokulia nchini kabla ya 2001 tulimeza klorokwini kwa malaria tangu utotoni. Uchungu wake na ule mwasho wa mwili tunaukumbuka. Dawa rahisi, inajulikana kila kituo cha afya. Nani asingefurahi?

Seli zilizotumika huitwa Vero. Zilianzishwa Chiba, Japani, mwaka 1962, kutoka kwenye figo la tumbili wa Afrika, ndugu wa hawa wanaotuibia mahindi. Maabara za dunia nzima huzipenda kwa sababu zinakua upesi na haziwezi kutoa interferoni, yaani ile mbiu ya mgambo ambayo seli hupiga ikivamiwa. Virusi huzaliana humo bila bughudha. Kwa kufuga kirusi ni shamba zuri sana.

Lakini korona ina njia mbili za kuingia ndani ya seli. Njia ya kwanza ni ya mlango wa mbele: mwiba wa kirusi unashika protini iitwayo ACE2 juu ya seli, kisha kimeng'enya TMPRSS2, kilichopo hapo hapo mlangoni, kinaukata mwiba huo na kirusi kinapenya. Njia ya pili ni ya kuzungukia uani: seli inakimeza kirusi ndani ya kifuko, kifuko kinajaa tindikali, na humo vimeng'enya vingine vinaukata mwiba. Klorokwini inaondoa tindikali ya kifuko, yaani inafunga mlango wa uani. Seli za Vero hazina TMPRSS2 ya kutosha, kwa hiyo kirusi hulazimika kupita uani, na klorokwini hukisimamisha. Seli za mapafu ya binadamu zinayo TMPRSS2. Julai 2020 watafiti wa Ujerumani walirudia jaribio kwenye seli za mapafu ziitwazo Calu-3, na klorokwini haikufanya lolote. Kirusi kilipita mlango wa mbele.

Kufikia hapo wodi zilikuwa zimeshajibu. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitangaza Juni 2020 matokeo ya haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, na hesabu kamili zilizochapishwa baadaye zilikuwa hizi: wagonjwa 1,561 walioipata na 3,155 waliopata matibabu ya kawaida. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 27 kwa walioipata na asilimia 25 kwa wasioipata. Haikuokoa mtu. Pale Wuhan hakuna aliyeghushi. Maharage ya Uyole yalikuwa yameteremshwa Kyela.

Ivermectin ilianguka kwa sababu tofauti, na hii Rungwe mnaweza kuifundisha kuliko mtu yeyote. Wanafunzi wako wamewahi kumwona mgawa dawa wa kijiji akija na fimbo yake ya kupimia kimo. Mtoto anasimama, fimbo inasema kidonge kimoja au viwili. Mtu mzima mrefu anapewa vinne. Kwa kiasi hicho dawa inawaweza watoto wa minyoo ya usubi walioko chini ya ngozi. Damu yako wakati huo, inapokuwa na dawa nyingi kabisa, ina kama sehemu ya ishirini ya mikromola 1. Aprili 2020 watafiti wa Australia walionyesha kwamba ivermectin inapunguza korona mara elfu kadhaa kwa saa 48, kwenye seli za Vero tena, lakini kwa mikromola 5. Wape wanafunzi wagawanye wenyewe. Ni kama mara 100 ya kile kinachofika kwenye damu. Kwa hesabu ya ubaoni, yule aliyepewa vidonge vinne angehitaji kama 400 kwa mkupuo mmoja, na kabla hajafika huko dawa ingeshaingia kwenye ubongo na kumdhuru. Majaribio makubwa yalifanyika hata hivyo. La Brazil lililoitwa TOGETHER, lenye wagonjwa 1,358, lilichapishwa 2022 na halikuona faida. Endeleeni kuimeza kwa usubi. Kwa usubi ni dawa hasa, kwa kiasi kilekile cha fimbo.

Kwa hiyo mtu akikuambia dawa fulani imeua kirusi maabara, Mwalimu, mwulize maswali mawili: kwenye seli gani, na kwa kiasi gani?

Kuna mtego mwingine ambao wenyewe tulichelewa kuuona. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani na Ulaya waligundua kwamba dawa nyingi za zamani zilizoonekana kuzuia korona, dawa za moyo, za akili, za mzio, zilikuwa na umbo la aina moja: upande mmoja unapenda mafuta, upande mwingine una chaji. Dawa za umbo hilo hujazana ndani ya seli mpaka seli inavimba mafuta yake yenyewe. Katika vurugu hiyo kirusi hakizaliani vizuri. Kwenye sahani unaona zambarau. Kwa mgonjwa hupati kitu, isipokuwa madhara. Kazi nyingi za mwaka mzima ziliishia hapo, na naona uchungu nikifikiria muda wa wagonjwa waliojitolea kujaribu dawa hizo.

Mmea nao una mtego wake, na nitautumia kumjibu mjomba baadaye. Chukua chai ya Rungwe, ichemshe iwe nzito, uiweke kwenye jaribio la kimeng'enya cha korona. Kimeng'enya kitasimama. Chai ina tanini, na tanini hushikamana na karibu kila protini inayokutana nayo. Ndiyo maana chai ya rangi hukaza ulimi. Mtu asiyejua ataandika kwamba chai inatibu korona. Sisi tunaongeza chembe ya sabuni kwenye jaribio, kwa sababu molekuli nyingi za hila hufanya kazi kwa kuganda pamoja kama mabonge, na sabuni huyavunja mabonge hayo. Kilichokuwa kikifanya kazi kabla ya sabuni na kikaacha baada ya sabuni tunakiweka pembeni. Tanini zenyewe tunaziondoa kwa kupitisha majimaji ya mmea kwenye unga unaozinasa, ndipo tunapima tena.

Nimetaja jaribio la kimeng'enya, basi nilieleze kwa kifupi. Badala ya kuuliza "nini kinalinda seli?" unaweza kuchagua kiungo kimoja cha kirusi na kuuliza "nini kinakiziba?" Korona hutengeneza protini zake zikiwa mnyororo mmoja mrefu, kisha ina mkasi wake wa kuukata vipande. Ziba mkasi, kirusi hakikamiliki. Mwanzoni mwa 2020 watafiti wa Shanghai walitoa picha ya mkasi huo kwa wote, chembe kwa chembe. Huko Uingereza walilowesha fuwele zake kwenye vipande vidogo vya molekuli zaidi ya elfu moja na kuona 74 vilivyokaa humo. Japani, kampuni ya Shionogi ilichekecha kwanza ndani ya kompyuta, ikitafuta molekuli zinazoenea kwenye mdomo wa mkasi, na mwisho wake ukawa ensitrelvir, iliyoruhusiwa huko Novemba 2022. Pfizer walikuwa na molekuli waliyoibuni kwa ajili ya SARS ya 2003, ugonjwa wa kirusi ndugu wa hiki, ikawekwa kabatini ugonjwa ulipotoweka. Waliitoa na kuirekebisha. Nirmatrelvir ikatengenezwa mara ya kwanza Julai 2020, na Desemba 2021 ikaruhusiwa Marekani. Kwa watu walio hatarini walioanza ndani ya siku tatu ilipunguza kulazwa na kufa kwa asilimia 89. Inamezwa pamoja na ritonavir, ambayo wauguzi wa CTC wanaijua kwenye tiba ya VVU. Kazi yake hapa ni kuizuia ini isiivunje dawa upesi. Hata dawa iliyopita machekeche yote ilihitaji msindikizaji.

Na kuna dawa ambayo hakuna sahani ya kirusi ingeiona kamwe. Deksamethazoni haigusi kirusi hata kidogo. Inatuliza kinga ya mwili iliyopagawa na kuanza kuyaunguza mapafu ya mwenyewe. Tungeiweka kwenye kishimo na seli na kirusi, ingetoka nyeupe, tungeitupa. RECOVERY waliipima moja kwa moja wodini, na kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vilishuka kutoka asilimia 41 hadi 29. Dawa ya tangu miaka ya hamsini ya karne iliyopita, imejaa kwenye makabati ya hospitali zetu. Ninawaambia vijana wa maabara jambo hili kila mwaka: hiyo ndiyo dawa iliyookoa watu wengi mapema kuliko zote, na maabara zetu hazikuipata.

Kuhusu chanjo. Hapana, hazichujwi hivyo hivyo, kwa sababu chanjo haiui kirusi. Inafundisha mwili. Ukiiweka kwenye sahani na kirusi hutaona chochote. Kwanza unachekecha umbo la kile utakachofundishia, kisha unachekecha damu ya aliyefundishwa.

Nianze na damu, na Kongo. Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit. Miaka 11 baadaye mtu mmoja aliyenusurika alitoa damu yake, na ndani yake watafiti, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa miongoni mwao, walichambua seli zinazotengeneza kingamwili, moja moja, wakiuliza ni ipi inayokifunga kirusi kisiingie kwenye seli. Wakaipata kingamwili iliyoitwa mAb114. Kuanzia Novemba 2018, Ebola ikiwa imerudi mashariki mwa Kongo, ilipimwa na dawa nyingine tatu. Remdesivir, ambayo ilikuwa imefanya vizuri kwenye sahani na hata kwa nyani, ilishindwa: waliopewa walikufa asilimia 53. Waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35. Jibu lilikuwa limekaa kwenye mishipa ya mtu wa Kikwit muda wote huo.

Kupima kama damu ina kingamwili zinazofunga kirusi, hatuhitaji kirusi hai kila mara, na hili ni muhimu kwa nchi zetu zenye maabara chache za usalama wa juu. Tunatengeneza kirusi bandia: gamba la kirusi kingine kisichoweza kuzaliana, limevalishwa miiba ya korona, na ndani yake kuna jeni ya kimulimuli. Likiingia kwenye seli, seli inang'aa. Unachanganya na damu ya mtu aliyechanjwa, ukiizimua mara 20, mara 40, mara 80 na kuendelea, unaangalia ni wapi mwanga unarudi. Kimulimuli yuleyule wa bondeni jioni.

Umbo nalo lilichujwa muda mrefu kabla ya 2020. Mwiba wa korona ni kama mtego wa panya uliotegwa: ukiguswa tu hufyatuka na kubadilika, na mwili ukifundishwa umbo lililofyatuka, kingamwili hazitashika lile linalokuja na kirusi. Watafiti wa Marekani, wakishughulikia MERS, ugonjwa wa korona nyingine, walionyesha 2017 kwamba kubadili viungo viwili tu vya mwiba kunauzuia usifyatuke. Ndiyo maana, mfuatano wa vinasaba vya kirusi kipya ulipotolewa Januari 2020, walijua siku hiyo hiyo wabadilishe wapi, na mtu wa kwanza alichanjwa Machi 16 huko Seattle. Baadaye chuo kikuu cha Texas huko Austin kilijaribu miiba 100 iliyorekebishwa kwa njia tofauti na kupata mmoja wenye mabadiliko sita unaodumu zaidi hata kwenye joto.

Chanjo huanguka pia kwenye machekeche ambayo hakuna aliyeyatarajia. Ile ya chuo kikuu cha Queensland, Australia, iliufunga mwiba kwa kipande cha protini ya VVU ili usifyatuke. Kingamwili zilikuwa nzuri. Lakini waliochanjwa walianza kuonekana na VVU kwenye vipimo, ilhali hawana. Desemba 2020 wakaiacha. Fikiria chanjo hiyo ingeletwa Mbeya au Njombe, ambako kipimo cha VVU kinaamua ndoa, uzazi na amani ya nyumba. Walifanya sawa kuiacha.

Na hapa kwetu tunajua maumivu ya chekeche la mwisho. Kituo cha utafiti cha NIMR Mbeya kimeshiriki majaribio ya chanjo za VVU kwa miaka mingi, na watu wa jiji hili wametoa mikono yao na damu yao. Jaribio la PrEPVacc, lililofanyika Uganda, Afrika Kusini na Tanzania, Mbeya ikiwemo, lilisitisha kuchanja. Ilitangazwa Desemba 2023, kwa kuwa hakukuwa na dalili kwamba chanjo hizo zingekinga. Afrika Kusini jaribio lingine la watu 5,407 lilisimama Februari 2020: maambukizi 129 kwa waliochanjwa, 123 kwa wasiochanjwa. Kwa VVU bado hatujui ni kitu gani kwenye damu tukikipima kitatuambia "huyu amekingwa", kwa hiyo kila chekeche la awali tunalotumia ni la kubahatisha matundu yake. Kwa korona tulibahatika. Wingi wa kingamwili zinazofunga kirusi ulikwenda sambamba na kinga, basi vipimo vya damu vikawa na maana. Wanafunzi wakiuliza kwa nini chanjo ya UVIKO-19 ilipatikana ndani ya mwaka na ya VVU haijapatikana kwa miaka 40, sehemu kubwa ya jibu iko hapo. Kagera imepigwa na Marburg 2023 na tena 2025, na kwa kirusi hicho tunahitaji majibu ya aina hii kabla hakijashuka kusini.

Sasa mti wa mjomba. Ndiyo, unaweza kupimwa, na nisingependa mtu amcheke. Tu Youyou wa China alipotafuta dawa ya malaria alianza na mamia ya maelekezo ya waganga wa kale. Mmea alioupata ulikuwa ukifanya kazi leo na kesho haufanyi, mpaka aliposoma katika kitabu cha kale kwamba mmea ulilowekwa kwenye maji na kukamuliwa, bila kutajwa kuchemsha. Akatambua kuwa kuchemsha kulikuwa kunaharibu dawa. Oktoba 1971, sampuli namba 191, iliyotolewa kwa joto dogo, iliwaponya panya wote. Kwa hiyo la kwanza: mjomba aeleze anavyoandaa bila kuacha kitu. Anachuma saa ngapi, jani au gome, analoweka au anachemsha, kwa muda gani. Mwandike. Lipigwe picha tawi lenye maua na likaushwe katikati ya magazeti ili wataalamu wa mimea walitambue kwa jina la kisayansi.

La pili, kabla hajampa mtu yeyote kilo ya magome, pawe na maandishi yanayosema maarifa ni ya nani na faida itagawanywaje. Nimeona wazee wakitoa bure wakaishia kusikia habari zao redioni. Ajisajili kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kupitia mratibu wa tiba asili wa wilaya. Kutoka hapo kuna njia ya kufika Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili au NIMR. Watakachofanya kwanza ni kile kile nilichokueleza: mmea peke yake juu ya seli, bila kirusi. Wataondoa tanini. Ndipo kirusi kitaingia. Na mwambie mapema, kwa heshima yote, kwamba mafua mengi hupona yenyewe ndani ya wiki, kwa hiyo waliopona baada ya kunywa hawatatosha kuwa ushahidi hata wakiwa mia. Wakati huo wote mgonjwa anayebanwa kifua apelekwe hospitali.

Kwa darasa lako nakupa jaribio ambalo halihitaji maabara. Tafuta chupa ndogo 12 na maputo 12. Kila chupa maji ya vuguvugu, sukari, na kijiko cha hamira. Mbili ziache hivyo hivyo. Hao ni mashahidi walio hai, puto litajaa. Mbili tia hamira iliyochemshwa badala ya ile hai. Hao ni mashahidi wafu. Moja tia chumvi nyingi. Zilizobaki, maji ya majani ambayo wanafunzi wataleta. Mmoja aandike namba kwenye chupa na kuficha orodha ya majina. Wengine wapime maputo bila kujua nini ni nini. Tukuyu asubuhi ni baridi, kwa hiyo chupa zote zikae pamoja kwenye beseni moja la maji ya vuguvugu, la sivyo mtapima baridi ya dirishani. Kisha chukueni maji yale yale ya kila namba mwoteshee maharage kwenye pamba, siku tano. Namba iliyozima hamira na maharage pia, iacheni. Namba iliyozima hamira ikaacha maharage yaote, rudieni mara tatu, halafu fungueni orodha na mniandikie ni jani gani.